Jina Mbele ya Mukhtari

Nasri Shalhub ana tanuri la mkate kwenye njia panda ya Ain Zaarur, kijiji chetu cha juu ya bonde la Bekaa. Ni mtu wa mabega mapana na maneno machache, na nyusi zake zimebabuka kwa moto hata zikaacha kuota sawasawa. Watu wanamwita Abu Wadii, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye yuko Kanada na hapigi simu mara nyingi. Kwake hununui mkate tu. Unaleta bakuli lako la nyama ya kusaga na nyanya, au zaatari, majani makavu na ufuta, uliyoichanganya nyumbani na mafuta yako, yeye anaitandaza juu ya unga wake na kuchoma, unalipia unga na moto. Kwa hiyo anajua kila nyumba inakula nini, nani amepunguza nyama, nani anatumia mafuta ya alizeti na kusema ni ya zeituni. Mtu wa namna hiyo akigombea, anajua kura zake kabla ya kura.

Alichokitaka ni umukhtari. Mukhtari kwetu anachaguliwa na watu, ila akishachaguliwa ni jicho la serikali. Muhuri wake ndio unaosema kwamba umezaliwa, umeoa, unakaa hapa, umekufa. Askari wakija kupekua nyumba, wanamchukua awe shahidi. Anayetafutwa akionekana, mgeni asiyejulikana akipanga chumba, risasi ikilia, yeye ndiye anayetakiwa kwenda kituoni kusema. Ndiyo maana mgombea lazima ajue kusoma na kuandika, na asiwe na doa mahakamani. Sharti la kwanza linawaangusha wachache. La pili, katika bonde letu, linafagia wanaume kwa fagio pana.

Nasri naye lilimfagia, safari ya kwanza. Wadii alipofaulu mtihani wa kumaliza shule, baba yake alipanda juu ya paa la tanuri akamimina risasi angani, kama baba yeyote. Hakuna aliyeumia, lakini doria ilikuwa inapita barabarani. Hati ya kumkamata ikatolewa, na kwa kuwa kwetu hati za namna hiyo ni nyingi kuliko pingu, hakuna aliyekuja. Akasahau. Miaka kadhaa baadaye akaenda mjini kuchukua cheti cha kuthibitisha kwamba hana kosa, ili agombee. Karani hakuinua hata uso.

"Bwana, wewe unatafutwa."

"Natafutwa na nani?"

"Na sisi."

Alitoka kwa mlango wa pembeni. Muhuri ukachukuliwa na mtu mwingine, ambaye alikaa nao kupita muda wake kwa sababu uchaguzi uliahirishwa, ukaahirishwa tena. Katikati ya kuahirishwa huko Nasri alifanya jambo ambalo kijiji kizima kilimcheka: aliiuza bunduki, akajipeleka mwenyewe kwa hakimu, akalala rumande, akalipa faini, akasubiri muda wa kisheria mpaka jina lake likasafishwa. Mimi nauza betri na paneli za jua mkabala na tanuri lake, na nilimwambia wazi kwamba ni biashara mbaya. Kwa nini ununue jina safi ambalo wenzako wanaliiba?

"Nataka muhuri," akasema. Basi.

Uchaguzi ulipokuja hatimaye, aliyembeba ni shemeji yake, Assaf, kaka wa mkewe Nuhad. Assaf analima viazi, ana malori, ana sauti. Watu wetu wengi wanaishi Beirut lakini wanapiga kura huku, kwenye daftari la babu zao, na bila mtu wa kuwaleta hawapandi mlima. Assaf aliwaleta. Aliwalisha mchana na kuwarudisha jioni. Kesho yake adhuhuri matokeo yakasomwa, Nasri ameshinda, na kabla hajamaliza kufuta unga mikononi, Assaf alikuwa amesimama juu ya bodi ya lori katikati ya njia panda na bunduki imeelekezwa mbinguni. Alimaliza magazini moja ya risasi, akaweka nyingine. Kila mtu alimwona. Nasri alikuwa ndani, uso ndani ya tanuri, anatoa mikate ya watu kabla haijaungua.

Risasi ikipanda lazima ishuke. Moja ilishukia kwenye kambi ya Wasyria, chini ya mashamba, ikapita kwenye turubai na kumpata mama mmoja, Hazna, bega la kulia. Hazna ni mjane kutoka upande wa Deir ez-Zor, anaongoza kundi la wanawake wanaochimba viazi. Kama unataka watu kumi na wawili alfajiri, unaongea naye, na usimpotezee muda. Walimpeleka hospitali. Hospitali, ikiona risasi, inaandika risasi.

Siku ya tatu akaja Sajini Milhim wa kituo cha askari. Ni mtu wa pwani, ametumwa huku juu na anahesabu majira ya baridi yaliyobaki. Alisimama kwenye foleni kama mteja, akala mkate wa zaatari wima, kisha akasema:

"Mukhtari, hongera."

"Mungu akubariki, Sajini."

"Nani alipiga risasi?"

"Nilikuwa ndani."

"Najua ulikuwa ndani. Naona nyusi. Nauliza nani alipiga."

"Sijui."

Sajini alipangusa ufuta kwenye masharubu. "Mimi naweza kuuliza watu mia wakaniambia hawajui, hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe si mmoja wa hao mia. Wewe ndiye unayetakiwa kujua. Nitapita tena baada ya sikukuu. Nikikuta bado hujui, nitamwandikia kaimakamu, mkuu wa wilaya, kwamba Ain Zaarur wamechagua kipofu, na utarudisha huo muhuri kabla wino haujakauka."

Akalipa mkate wake, jambo ambalo askari waliomtangulia hawakulifanya, na tukaona kwamba hatanii.

Tangu siku hiyo kijiji kilifanya kazi moja kwa bidii ambayo sijaiona hata wakati wa mavuno: kuhakikisha mukhtari hasikii. Kila mtu alijua ni Assaf. Nasri alijua ni Assaf. Lakini kujua kwa mukhtari si kama kujua kwako na kwangu. Jina likitamkwa mbele yake na mdomo wa mtu, limeshafika serikalini. Akikaa nalo, amelificha. Lisipotamkwa, anaweza kumtazama sajini machoni na kusema hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo kwenye foleni Assaf akapoteza jina. Akawa "yule mwenye furaha." Akawa "lori." Mama mmoja alisimama na bakuli lake la nyama akasema, "Abu Wadii, geuka utazame moto, nina neno na jirani yangu," naye akageuka kutazama moto. Vijana walitania kwamba umukhtari umempa ugonjwa wa masikio.

Assaf mwenyewe aliingia na kutoka, akamtania Nasri, akala, hakugusia. Nuhad, ambaye ndiye anayekanda unga wa tanuri hilo na ndiye siri ya mkate wake, hakugusia pia. Jioni moja tu, wakifunga, alimwambia mumewe nikiwa pale nasubiri mikate yangu: "Huyo ndiye aliyekuletea Beirut nzima."

"Najua."

"Nasema tu."

Mjomba wa Nuhad na Assaf, Abu Mizhir, mzee aliyesuluhisha ugomvi wa maji na wa mipaka mpaka umri huu, ndiye aliyepata dawa. Twende kwa Hazna kwa desturi. Ujumbe wa sulhu, wanaume wenye nyuso za kuheshimiwa, tukaombe msamaha. Akiacha haki yake ya kudai, hakimu atabaki na haki ya serikali peke yake, na haki ya serikali ni nyepesi kuibeba. Pengine sajini naye atachoka. Kila mtu aliona ni sawa. Na kwa kuwa hakuna ujumbe unaotoka kijijini bila mukhtari mbele, tukamweka mukhtari mbele. Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa, kwa sababu hatujawahi kwenda bila yeye. Sisi tulifikiri tunaongeza uzito.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya fidia. Katika mambo kama haya mtu wa heshima haongei bei. Anachukuliwa mtu kama mimi.

Hazna alitupokea kwenye turubai lake, mkono umefungwa kifuani, mito imepangwa, kahawa chungu tayari. Tundu la risasi lilikuwa limezibwa kwa kipande cha gunia la mbolea. Alitumiminia kwa mkono wa kushoto akaomba radhi kwa ajili ya mkono huo. Tukapokea vikombe, tukaviweka chini mbele yetu bila kunywa. Ndiyo desturi: mgeni mwenye ombi hanywi mpaka apewe.

Hazna alivitazama vikombe. "Kunyweni, wajomba."

"Hatunywi," Abu Mizhir akasema, "mpaka utupe tulichokuja kukitaka."

"Na mmekuja kutaka nini?"

"Tumekuja kukuomba radhi kwa lililotokea, na uache haki yako, na kila kilichovunjika kitengenezwe, na mkono wako juu ya vichwa vyetu."

Ilikuwa hotuba nzuri. Nimemsikia akiitoa mara nyingi, na vikombe hunywewa. Hazna akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima gunia kwa macho.

"Mmekuja kwa uso wa nani?"

Abu Mizhir akakohoa. "Kwa uso wa Ain Zaarur yote."

"Ain Zaarur yote haikupiga risasi, mjomba. Kwetu ujumbe unasema: tumekuja kwa uso wa fulani bin fulani, aliyekukosea. Kwenu hausemi?"

Hata kwetu unasema. Ni neno la kwanza la sulhu kokote. Abu Mizhir alikuwa amelikwepa kwa ustadi, na mama huyu akaliokota na kuliweka katikati ya mkeka.

"Dada," nikasema, maana niliona ni wakati wangu, "tusikwame kwenye jina. Tuseme hospitali, dawa, siku zako za kazi zilizopotea, na za mabinti zako wanaokuuguza. Tuseme leo hii."

"Na mkono ukioza mwakani?"

"Hauozi, inshallah."

"Daktari anasema huenda wakaupasua tena. Nikimsamehe asiyejulikana leo, mwakani nitamdai nani? Wewe ni mfanyabiashara, nimeona duka lako. Unauza betri bila kujua nani atarudisha ikifa?"

Nilikuwa nimekwenda na bei tatu kichwani, ya kuanzia, ya katikati na ya mwisho. Hakuuliza hata moja. Nikanyamaza, maana alikuwa sahihi, na ukibishana na aliye sahihi bei inapanda.

Abu Mizhir alimgeukia Nasri. Aliongea kwa upole, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Mukhtari, hebu toka kidogo ukaangalie gari. Naona watoto wanalichezea."

Hakukuwa na watoto. Sote tulielewa, na nadhani sote tulishangaa kwamba hatukulifikiria mapema. Mukhtari atoke, jina lisemwe, mama aridhike, mukhtari arudi, kahawa inywewe. Hasikii, hajui.

Nasri alinyanyuka. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa turubai, akainama, akavaa kiatu kimoja. Kutoka pale unaona kambi nzima, ndoo zimepangwa kwenye bomba, na juu ya mlima kijiji chetu na paa la tanuri lake.

"Yeye asitoke," Hazna akasema nyuma yake. "Nyinyi wengine, msinilaumu, siwajui. Leo mko, kesho mna kazi. Yeye ndiye mwenye muhuri. Akisema yeye, limesemwa."

"Mama, usimtie mtu shimoni," Abu Mizhir akasema, na sasa upole ulikuwa umepungua.

"Mimi ndiye niliyetobolewa, mjomba, na shimo analiogopa yeye?"

Nasri alikaa ameinama pale na kiatu chake muda mrefu kiasi kwamba mmoja wetu aliguna. Kisha akakivua, akarudi, akakaa mahali pake.

"Tumekuja," akasema, "kwa uso wa Assaf bin Daibes, shemeji yangu. Alipiga risasi kwa ajili ya ushindi wangu. Aliyekutoboa ni yeye."

Hazna aliitikia kwa kichwa mara moja.

"Sasa nimewapa," akasema. "Kunyweni."

Nasri alikuwa wa kwanza kunywa. Kahawa ilikuwa imepoa. Halafu, na hili mimi nalisema kwa sababu watu wa kijiji wanapenda kulisahau, Hazna alikaa nami tukaongea fidia mpaka jua likapinda, na alinibana kila senti, na mkataba wetu uliandikwa kwa jina la Assaf, wa leo na wa mwakani.

Kwenye gari Abu Mizhir hakuweza kujizuia. "Ungekaa nje kidogo tu."

"Kidogo tu?" Nasri akasema. "Ningekaa nje miaka sita." Kipindi cha mukhtari ni miaka sita.

"Sasa utakwenda kwa sajini?"

"Sasa najua."

"Ulikuwa unajua tangu mwanzo."

"Ndiyo. Na mlinisaidia kutojua, Mungu awalipe."

Alitushusha njia panda, akageuza gari, akaenda kituoni. Sajini alimtafuta Assaf kesho yake na kumkuta shambani, anasubiri, amevaa koti zuri. Nasri alikuwa amempigia simu usiku ule ule kumwambia. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda bondeni, Assaf angeweza kuvuka kilima na asionekane mpaka serikali ibadilike. Hakuvuka. Wapo wanaosema ni heshima. Mimi nasema ana malori kumi na moja na viazi ardhini, na mtu mwenye viazi ardhini hakimbii. Kwa kuwa mlalamikaji alikuwa ameacha haki yake, hakimu alimpa kifungo cha miezi badala ya miaka. Alikosa msimu wa kupanda.

Nuhad alimuuliza mumewe swali moja, mbele ya wateja.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja."

"Kwa yule mama, au kwa sajini?"

"Kwa yule mama. Kisha kwa sajini."

Aliacha kukanda. Hakurudi kwao, hakulia, alipika chakula cha nyumbani kama kawaida; ila chumba cha unga hakuingia. Nasri alinunua mashine. Mkate wa mashine ni mkate, hakuna zaidi la kusema. Watu wa upande wa Assaf walianza kupeleka mabakuli yao kijiji cha pili, kwa tanuri la Abu Faris, ambaye naye ni mukhtari wa huko. Biashara ya Nasri ilishuka, na alipandisha bei ya moto kufidia, kosa ambalo nilimwambia na hakusikia. Muhuri, hata hivyo, haukuwa na tanuri la pili. Waliomnunia kwa mkate walimjia kwa cheti cha kuzaliwa, wakasimama, wakapigiwa muhuri, wakaondoka bila kula. Vijana wenye bunduki walianza kumtazama kwanza kabla ya kuzitoa kwenye harusi. Wengine walizirudisha ndani. Wengine walikwenda kupigia mbali.

Nuhad alishuka tena chumba cha unga wiki ile Assaf alipokaribia kutoka gerezani. Hakueleza. Alifunga aproni, akaizima mashine, akakanda. Habari ilienea haraka kuliko tangazo. Asubuhi ya siku yenyewe foleni ilifika dukani kwangu, na baadhi ya mabakuli yalikuwa ya watu wa Assaf. Kila mtu alifikiri limekwisha.

Simu ya Nasri ikalia. Ilikuwa sauti ya Abu Faris, na kwa kuwa mikono ya Nasri ilikuwa na unga, aliweka simu mezani na sote tukasikia. Nyuma ya sauti kulikuwa na risasi, nyingi.

"Abu Wadii, watu wako wanapiga risasi kwangu."

"Wakiwa kwako, ni watu wako."

"Usinichezee. Wamesimamisha magari upande wangu wa kilima makusudi, wasikukere wewe. Sajini amenipigia sasa hivi anataka kujua. Ni akina nani?"

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa na kutazama chini. Nuhad alikuwa mlangoni mwa chumba cha unga, mikono yake imefunikwa hadi viwiko, anamtazama mumewe.

"Wewe hujawaona?" Nasri akauliza.

"Niko ndani. Nachoma mkate."

Nasri alichukua kitambaa akapangusa vidole, kimoja kimoja.

"Shemeji yangu anatoka leo," akasema. "Walioenda kumpokea ni wanawe wawili, Daibes na Tanus, na lori jeupe. Bunduki walizonazo ni zao. Mimi mukhtari wa Ain Zaarur ndiye niliyekwambia. Mpelekee sajini hivyo hivyo."

Akakata simu. Nuhad alifungua aproni, akaitundika, akanawa mikono kwenye sinki mbele yetu sote, akapanda ngazi kwenda nyumbani. Nasri alisubiri mpaka aliposikia mlango wa juu umefungwa, ndipo akaiwasha mashine.

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Nyama ilikuwa imeshachanganywa na nyanya kwenye mabakuli, nyama ya namna hiyo haivumilii joto, na kwa Abu Faris siku hiyo, kwa risasi zile, hapakuendeka.